Siku tano za kutembea kwa miguu Pemba: popo, bundi na honi ya gari

Nianze na hela, maana ndilo swali la kwanza kila ninapoonyesha picha. Siku tano, usiku nne, laki tisa kwa kichwa, bei ya Mtanzania, nauli ya boti mbali. Humo mna gesti, milo, gari, mwongozaji, viingilio na boti ya kwenda kisiwa cha Misali. Jina la kampuni silitaji. Malalamiko yangu ni ya ofisi yao, na aliyenitembeza msituni hahusiki nayo hata kidogo.

Tulikwenda wawili, mimi na dada yangu mkubwa, ambaye goti lake la kushoto lina kesi ya siku nyingi. Ndiyo maana kabla ya kulipa niliuliza mara mbili: matembezi yenyewe ni ya namna gani? Nikajibiwa, na kipeperushi nacho kikasema hivyohivyo, kwamba ni "matembezi mepesi yanayomfaa kila mtu". Hayo maneno tutayarudia.

Unguja nimeshafika mara nyingi. Msitu wa Jozani nimewaona kima punju mpaka wengine nadhani tunafahamiana. Pemba sikuwahi, na kila niliyemwambia naenda huko aliniuliza nimejikinga na nini. Sikujikinga na chochote isipokuwa dawa ya mbu, na hiyo ndiyo iliyoisha siku ya pili.

Siku ya kwanza haina mengi. Boti kutoka Unguja hadi bandari ya Mkoani ilitupa tabu, mwezi wa tisa kusi ilikuwa bado haijalala vizuri, na dada alishuka na mfuko mkononi ambao sitaueleza. Kutoka Mkoani barabara inapanda na kushuka vilima, jambo ambalo mtu aliyezoea Unguja halitegemei. Huku na huku majamvi yametandazwa karafuu, nyingine bado kijani, nyingine zimeshakuwa kahawia, na harufu inaingia ndani ya gari hata vioo vikiwa vimefungwa. Tukapitishwa kiwanda cha mafuta ya karafuu pale Wawi, karibu na Chake Chake, wanapokamua mpaka makonyo, yaani vikonyo vya karafuu. Mimi ningekaa, lakini ratiba ilisema dakika ishirini na dereva alikuwa anaisoma kama Msahafu.

Usiku tukalala Wete. Chandarua kilikuwa kimetoboka pale pale kichwani. Tuendelee.

Siku ya pili ni Ngezi, na ndiko nilikokutana na mwongozaji wetu, Mzee. Nitamwita hivyo tu. Ana umri kama wa marehemu baba, mwembamba, kandambili miguuni huku sisi tumevaa raba za kupandia milima. Nikampa shikamoo, akaitikia, akamtazama dada anavyoshuka garini, hakuuliza kitu. Akaenda kichakani akarudi na fimbo, ameshaimenya gome sehemu ya kushikia. "Shika hii mwanangu. Leo twenda kwa mwendo wa goti, siyo mwendo wa gari."

Ngezi ni kipande kilichosalia cha msitu uliofunika sehemu kubwa ya kisiwa kabla ya mikarafuu kuingia. Ukiingia tu, joto la barabarani linabaki nyuma kama umefunga mlango. Mivule mirefu mno, halafu chini yake mitende myembamba yenye pete pete kwenye shina. Huo ndio mpapindi, mti wa asili ya Pemba, usiuone ukadhani ni mpopoo wa mtu. Njiani tukapita mabaki ya mashine za kiwanda cha zamani cha kupasua mbao, vyuma vimekaliwa na mizizi. Mbele zaidi ardhi ikageuka mchanga na miti ikawa vichaka vya majani madogo kama sindano. Nikasimama. Ndugu zake nimewahi kuwaona nikipanda Kilimanjaro, huko juu kwenye baridi, na hapa wamo hatua chache kutoka baharini.

Mzee ana namna yake ya kuonyesha mnyama. Hanyooshi kidole. Anasimama, anageuza mwili wote kuelekea upande ule, halafu anangoja. Mara ya kwanza sikuona chochote, nikainua darubini na kuanza kuizungusha kama mtu anayetafuta mtandao. Akaishusha kwa mkono. "Usimfuate. Yuwaja mwenyewe." Dakika kadhaa zikapita, na kweli, kutoka kwenye majani yaleyale niliyokuwa nayatazama, wakatoka ninga, njiwa wale wa kijani. Kumbe walikuwepo muda wote. Ninga wa Pemba ni mmoja wa ndege wanne wasiopatikana kwingine kokote duniani. Wenzake ni chozi wa Pemba, kinengenenge wa Pemba na yule bundi mdogo nitakayemsimulia. Tulipouliza kwa nini kisiwa kidogo hivi kina ndege wake peke yake, Mzee alisema ni kwa sababu ya mkondo. Kati ya Pemba na bara kuna bahari ya kina cha mamia ya mita. Unguja iliwahi kuungana na bara enzi za barafu, bahari ilipokuwa imeshuka, lakini Pemba ilikuwa imeshajitenga zamani sana. "Sie tumekaa kando," akasema, na nilihisi hazungumzii ndege tu.

Tumbili tuliwaona wengi. Kima punju hatukuwaona. Wachache waliletwa Ngezi kutoka Jozani miaka ya 1970, na Mzee mwenyewe huwakuta kwa bahati. Paa chesi tuliona mkia na majani yanayotikisika, nami naihesabu kuwa nimemwona.

Sasa turudi kwenye yale "matembezi mepesi". Baada ya Ngezi tulitembezwa pwani ya Vumawimbi, mchanga mweupe usio na mtu, halafu mpaka Ras Kigomasha kwenye mnara wa taa wa chuma. Mandhari sina ubishi nayo. Lakini ni jua la saa saba, mchanga laini unaomeza mguu, na mwenye goti bovu. Maji ya kunywa yalikuwa kwenye gari, na gari lilikuwa limezunguka kutungoja upande wa pili. Chakula cha mchana tulikila saa kumi, chipsi zimeshapoa. Dada hakupanda mnara. Alikaa kivulini na fimbo yake akaniambia nimwambie huko juu kukoje. Nikamwambia kuna bahari. Ofisi ingeandika tu "kutembea kwa muda wa saa sita, sehemu yake mchangani", tungejipanga, hakuna ambaye angekasirika.

Jioni tulirudi Ngezi kwa ajili ya bundi. Kipeperushi kimemtangaza kwa picha kubwa. Mzee alituketisha ukingoni mwa njia, akatandika kikoi akaswali magharibi, kisha akaja kukaa nasi bila kusema neno. Giza la msituni haliji taratibu, linadondoka. Komba akalia mbali, ule mlio wa mtoto aliyenyimwa. Halafu, upande wa kulia, sauti fupi: hu. Kimya. Hu. Kimya. Hu. Mlio mmoja, kwa mpangilio kama tone la maji linalodondokea ndoo. Mara akajibiwa na mwingine kutoka nyuma yetu. Mzee akageuza mwili wote. Nilisikia moyo wangu kuliko nilivyokuwa namsikia bundi.

Honi.

Siyo moja, tatu. Dereva alikuwa na wageni wengine wa kupeleka Chake na muda wake umefika. Bundi wote wawili wakanyamaza. Tukangoja, honi tena. Mzee akasimama akapangusa kikoi chake, akasema "haya", neno moja tu, lakini ukilisikia neno hilo kwa Mpemba aliyeudhika utaelewa.

Sikulala vizuri, na safari hii sababu haikuwa chandarua. Nikampigia simu mtu wa ofisi. Akaniambia bundi ni mnyama wa porini, kampuni haiwezi kumhakikishia mteja. Nikamwambia bundi alikuja, aliyeondoka ni sisi.

Siku ya tatu ilianza Kidike, na hapa ofisi haikuwa na cha kuharibu. Ni mwendo kidogo kutoka barabara ya Chake kwenda Wete, kijiji chenyewe ndicho kinachowatunza popo na kiingilio kinabaki huko. Popo wa Pemba ukimfikiria kama wale wa kwenye dari la shule umekosea. Huyu akikunjua mabawa, ncha hadi ncha inapita mita moja na nusu. Manyoya ni ya rangi ya kutu, uso kama wa mbweha mdogo, macho makubwa, maana huyu anatafuta chakula kwa kuona na kunusa. Mchana wamening'inia mitini kwa mamia, na kinyume na nilivyodhani, hawalali. Wanagombana. Mmoja anajipepea kwa bawa, mwenzake anamsukuma, huyu anaruka, anazunguka mti mzima huku jua likipenya kwenye ngozi ya mabawa yake, anarudi kugombea tawi lilelile. Nilimtazama mama mmoja aliyemfunika mwanawe kwa bawa, kichwa kimetokeza kidogo tu pembeni, kama mtoto wa mtu ndani ya kanga.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti walikuta wamebaki mamia tu. Miti ilikuwa imekatwa, na nyama yake ililiwa. Mzee hakujificha. Ujanani alikuwa mwindaji. Zamani, alisema, ulipata popo wawili watatu ukarudi nyumbani, ila zilipoingia bunduki mtu alipiga mti mmoja wakadondoka kama maembe. Miaka ya 1990 zikaanza klabu za vijiji za kuwalinda, kazi ikasogea, na hesabu ya mwaka 2007 ilikuta karibu popo 20,000. Dada akamuuliza kama nyama yake ilikuwa tamu. Mzee akatazama juu kwanza, kama anaomba radhi, ndipo akajibu: "Tamu."

Mchana tulipita mashamba ya mikarafuu, vijana wako juu ya miti na makapu, wanawake chini wanachambua makonyo. Huko Mzee alisimulia kimbunga cha 1872 kilichoangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba, ndipo kisiwa hiki kikawa mama wa karafuu. Tulipewa mihogo ya nazi na mwenye nyumba ambaye hayumo kwenye ratiba yoyote, na ndicho chakula kizuri kuliko vyote nilivyokula safari nzima.

Ratiba ya jioni ilisema "manunuzi mjini". Tukaikataa. Mzee alizungumza na wahifadhi wa Ngezi mapema, tukalipa elfu arobaini zaidi kwa ajili ya bodaboda na mhifadhi wa kuongozana nasi usiku. Safari hii hakukuwa na gari la kutuharakisha. Mimi na Mzee tulisogea mbele kidogo kufuata sauti. Dada goti likamkatalia, akabaki na mhifadhi amekaa kwenye gogo, mguu ameunyoosha. Tukasikia hu, tukasogea, hu ikahama. Tukasogea tena. Kama robo saa hivi. Tuliporudi dada alikuwa amekaa vilevile, mdomo wazi, mhifadhi ameelekeza tochi chini asimuumize macho mnyama, na pale juu ya tawi, karibu kabisa na kichwa cha dada, palikuwa na kitu kinachogeuka kuruka. Mimi nilipata mgongo. Yeye alimtazama usoni dakika nzima. "Kama embe dodo lililoiva," alisema, "halafu likawekewa macho ya njano." Amelisimulia hilo kwenye kila shughuli ya ukoo tangu turudi.

Misali siku ya nne ni nzuri, sitairefusha. Boti inaondokea Wesha. Wavuvi wa dago, wale wanaopiga kambi kisiwani, walitueleza asili ya jina, kwamba Nabii Hadhara aliomba msala wa kuswalia, alipokosa akasema kisiwa hiki ni mfano wa msala, basi kitatosha. Njia za kutembea ni fupi na zina kivuli, na ndizo pekee safari nzima ambazo kweli ni nyepesi. Kasa hutaga huko, ila hatukuwaona, na nyayo za mchangani tulizoonyeshwa zilikuwa za siku kadhaa. Siku ya tano ni kurudi.

Ukitaka kwenda: nenda na tochi yako, maji yako, dawa ya mbu mara mbili ya unavyodhani, na nguo za heshima, kanga itakusaidia kila mahali. Usiulize ofisi utaona nini. Uliza nani atakutembeza, amezaliwa wapi, na gari lina wateja wengine jioni ile au halina. Mzee nampa tano kati ya tano. Ofisi nawapa mbili, na moja kati ya hizo ni kwa sababu boti ya Misali ilifika kwa wakati.

Niliwaandikia tuliporudi, nikaeleza yote haya. Walijibu baada ya siku tisa wakanipa punguzo la asilimia kumi kwa safari ijayo. Nimewaambia nitalichukua kwa masharti mawili: mwongozaji awe Mzee, na gari lisije kutuchukua mpaka lipigiwe simu. La kwanza wamekubali. La pili wanasema wanalifanyia kazi.