Balbu ya LED ya wati 9: dukani inawaka, nyumbani inagoma

Balbu hizi za bei nafuu, za volti 220 hadi 240, zimejaa kwenye kila duka la vifaa vya umeme. Mwanga wake unatosha chumba cha kulala, na umeme zinakula kidogo. Kwenye holda iliyo wazi na swichi ya kawaida, ni mali nzuri. Lawama huja pale muuzaji anapoijaribu ikawaka, ukifika nyumbani kimya.

Kabla ya kuirudisha dukani, ijaribu kwenye holda nyingine. Ikiwaka huko, mgonjwa ni holda. Kabla ya kuigusa, zima mainswichi, si swichi ya ukutani tu, kwa sababu kama fundi alifunga swichi kwenye nyutro (waya wa kurudisha umeme), holda ina umeme hata taa ikiwa imezimwa.

Holda ya kuzungusha, E27, husumbua kwa kibati cha katikati. Kimelazwa na balbu zilizokazwa kupita kiasi. Kiinue milimita 2 au 3 kwa bisibisi nyembamba, kisha funga balbu mpaka iguse, basi. Ukikaza kwa nguvu kitalala tena. Holda ya pini, B22, ina vichwa viwili vya springi. Vibonyeze: kila kimoja kirudi chenyewe. Kilichokwama au kuungua, badilisha holda nzima, maana kukikwangua kwa msasa ni kuahirisha tu. Balbu nyingine za bei ya chini zina nukta fupi za risasi kitakoni, hivyo springi iliyochoka haizifikii ingawa balbu ya zamani ilikuwa ikiwaka hapohapo.

Taa inamwekamweka au kuwaka kwa mwanga hafifu usiku ikiwa imezimwa? Tazama swichi. Ikiwa na kitaa kidogo cha kuonyesha, kuna mkondo mdogo unaopitia hapo na kujaza kapasita (kifaa kinachohifadhi umeme kidogo) ya ndani ya balbu. Ikijaa, balbu inamweka, kisha inaanza upya. Dawa ni kuondoa kitaa hicho, au fundi afunge kapasita ya X2, aina iliyotengenezwa kwa umeme wa nyumbani, ya mikrofaradi 0.1, volti 275, sambamba na balbu. Kapasita iliyochomolewa kwenye redio mbovu haifai hapa, inaweza kupasuka.

Swichi ya kupunguza mwanga isahau kabisa, isipokuwa boksi limeandikwa kwamba balbu inaikubali. Hizi nyingi hazijaandikwa hivyo, na zikifungwa hapo huunguruma, hucheza au hufa mapema.

Globu ya kioo iliyofunikwa ndiyo inayoua kimyakimya. Joto halina pa kutokea, na kapasita ya ndani hupoteza takriban nusu ya umri wake kila joto linapopanda nyuzi 10. Humo weka ya wati 5, au acha kifuniko wazi ukitaka ile ya 9 idumu.