Mawe ya kujengea Goma: yapi uanze nayo

Kabla hujaita lori la mawe, chimba parseli yako, yaani kiwanja chako, kwanza. Hapa Goma wengi tumekalia lava. Ile iliyoshuka kutoka volkano ya Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji mpaka Ziwa Kivu, na nyumba nyingi za leo zimesimama juu yake. Fundi akisawazisha kiwanja kwa nyundo na mtaimbo, mawe ya msingi hutoka palepale. Hayana nauli, wala hayakumaliza kuni kama tofali la kuchoma. Kwangu hayo ni namba moja, na sioni ya kuyapita.

Namba mbili ni mawe ya kale, ya ukuta au uzio uliobomolewa. Bei huwa nafuu kwa sababu mwenye parseli anataka pasafishwe upesi. Ila angalia simenti iliyogandia. Gonga jiwe moja pembeni: ganda likibanduka lote, nunua. Likikataa mpaka jiwe lenyewe lipasuke, achana nayo, vibarua watakula pesa kuliko mawe mapya. Ukishayanunua, yasugue kwa brashi ya waya na uyaloweshe kabla ya kujenga, maana jiwe kavu hunyonya maji ya simenti mbichi na isishike.

Mawe mapya ya lori nayaweka namba tatu, na hapa ndipo watu wanaliwa. Lava moja ina mawe ya aina mbili: ya juu yamejaa matundu kwa gesi iliyokuwa ikitoka, ya ndani ni mazito na yamebana. Mimi nililetewa mzigo uliopambwa juu kwa mawe mazito, chini matundu matupu. Iliniuma sana, pesa nilikuwa nimeshalipa. Siku hizi nasimama wakati wa kushusha, nanyanyua na kugonga moja moja. Zito hulia kama chuma. Lenye ufa hulia kama mtungi uliopasuka. Mlipe muuzaji mawe yakiwa yamepangwa chini, si yakiwa kwenye lori, ambako nafasi tupu nazo zinauzwa.

Uliza pia yamechimbwa wapi. Katika mashimo yenye mazuku, ile hewa nzito ya kaboni inayolala mabondeni, mchimbaji anaweza kuinama asiinuke. Mawe ya namna hiyo siyanunui hata kwa bei ya bure.

Jiwe la matundu ni la mwisho, lakini lina kazi yake: ukuta mfupi wa bustani, au kujazia sakafu. Msingi hapana, linakunywa maji.

Mwezi Mei 2021, baada ya mlipuko wa Nyiragongo, ardhi ilitetemeka siku nyingi na kuta zikapasuka. Ukuta wa mawe ni mzito, unataka mkanda wa zege wenye nondo kuzunguka nyumba nzima. Nondo hizo zinunue mapema, kabla ya mawe ya mwisho. Pesa ikipungua, ndizo hukatwa kwanza.