Uzoefu wangu: daktari aliyelitibu goti langu bila kuligusa

Katika hospitali moja ya kibinafsi hapa Kisumu kuna daktari anayetibu magoti bila kuyagusa. Nayasema haya nikiwa na hakika, kwa maana nilikaa mbele yake, suruali nikiwa nimeikunja hadi pajani, goti langu likiwa karibu na mkono wake kuliko kalamu aliyokuwa akiandikia, na mkono ule haukunyooka kunigusa hata mara moja. Usafi wa jengo, urefu wa foleni na ada za kumwona daktari sitavizungumzia, kwa sababu yeyote atakayefika mlangoni atajionea mwenyewe. Ninachotaka kukieleza ni kile kilichotokea ndani ya chumba kile, na kwa nini kingeweza kunigharimu mguu.

Niliumia katika mechi ya kirafiki ya walimu, kwenye uwanja wa shule moja upande wa Mamboleo. Mguu wangu wa kulia ulikuwa umekita chini, nao mwili ulikuwa unageuka kuufuata mpira, mchezaji wa upande wa pili aliponiangukia kwa bega kwenye upande wa ndani wa goti. Goti likasukumwa kuelekea nje, nami nikahisi kitu kikikatika upande ule wa nje, juu kidogo ya pale ambapo mfupa mdogo hujitokeza chini ya goti. Kila nilipojaribu kutembea, goti lilikuwa likiyumba kwenda nje kana kwamba halina mwenyewe.

Haya yote nilimweleza daktari kwa utaratibu. Hakuniuliza nilipigwa upande gani. Aliitazama picha ya eksirei kwenye kompyuta kwa muda mfupi, akalitupia goti jicho kutoka pale alipoketi, kisha akasema: "Mwalimu, mfupa haujavunjika na goti halijajaa maji. Sasa unataka nikuambie nini?" Akaanza kuandika vidonge vya kutuliza maumivu na dawa ya kuchua, akiongeza kwamba watu wa umri wangu hawana budi kuuachia ujana mpira.

Maneno yale kuhusu umri yaliniuma, lakini si ndiyo yaliyonifanya niandike. Kilichonikasirisha zaidi, na kinachozidi kunikasirisha kila ninapojifunza jambo jipya kuhusu goti, ni kwamba sababu zote mbili alizozitoa hazithibitishi kuwa goti ni zima. Eksirei huonyesha mifupa, haionyeshi kano, yaani zile kamba ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa. Na kano ya upande wa nje, ile inayotoka kwenye mfupa wa paja na kushuka hadi kwenye kichwa cha fibula, yaani ule mfupa mwembamba ulio sambamba na muundi, imekaa nje ya mfuko unaoshikilia maji ya goti. Kwa sababu hiyo, inaweza kuchanika na goti lisijae maji kama linavyojaa pale kano za katikati, zile zinazopishana ndani ya goti, zinapokatika. Uvimbe huonekana kidogo tu, pembeni, juu ya kano yenyewe. Mtu anayeangalia kwa macho peke yake anaweza kuukosa. Mtu anayegusa hawezi, kwa kuwa ukibonyeza pale mgonjwa anaruka kitandani.

Kisha kuna jambo la patipati. Nilimwambia daktari, kwa maneno haya haya, kwamba tangu siku ile patipati ya mguu wa kulia inanitoka ninapotembea, na kwamba ngozi ya juu ya unyayo imekuwa na ganzi. Alicheka. Akasema, "Basi nunua viatu vyenye kamba." Mgonjwa anamweleza daktari kwamba hawezi tena kuinua ncha ya mguu wake, na daktari anamshauri kuhusu viatu! Mshipa wa fahamu unaoinua unyayo na vidole hupita nyuma ya goti, ukazunguka shingo ya fibula chini tu ya ngozi, karibu sana na mahali kano hii inaposhikilia. Goti linaposukumwa nje kwa nguvu, mshipa huo unaweza kuvutwa pamoja na kano, na dalili zake ndizo hizo hizo nilizomtajia: ganzi juu ya unyayo, vidole visivyotii, kiatu kinachodondoka. Niliziweka mezani pake na akazicheka.

Nilitoka nikiwa na karatasi ya dawa mkononi. Ningekuwa nimeenda nyumbani na kujipaka dawa ile ya kuchua, kama si muuguzi mmoja aliyenitazama nikiuburuta mguu kuelekea dirisha la dawa. Alinijia, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, kabla hujatoka, pitia kwa fizio. Mwambie ni mimi nimekutuma."

Mtaalamu yule wa fiziotherapia, ambaye simtaji jina kwa sababu sikumwomba ruhusa, alianza na mguu wangu wa kushoto, ule usioumia. Nilidhani amekosea mguu, akanieleza kwamba magoti ya watu hayafanani, wengine kano zao zimelegea tangu kuzaliwa, kwa hiyo ni lazima kwanza ajue goti langu lilivyokuwa kabla ya kuumia. Alinikalisha nikaweka kifundo cha mguu juu ya paja la pili, kama mtu anayekunja nne, akaichukua mikono yangu mwenyewe na kuniwekea vidole upande wa nje wa goti. Pale, chini ya ngozi, nikaihisi kano: imekazwa kama kamba ya kuanikia nguo. Kisha tukafanya vivyo hivyo upande wa kulia, polepole, akinisaidia kuukunja. Vidole vyangu vilitafuta kamba ile, visiione. Palikuwa laini, panauma, na kamba haikujitokeza.

Hapo ndipo nilipofahamu jinsi goti linavyopaswa kupimwa, na hasira yangu dhidi ya yule wa kwanza ikapata miguu. Alilaza paja langu ukingoni mwa kitanda, akalikunja goti kwa nyuzi 30 hivi, akashika paja kwa mkono mmoja na kifundo kwa mkono wa pili, kisha akausukuma mguu wa chini kuelekea ndani taratibu. Upande wa nje wa goti ukafunguka. Akarudia goti likiwa limenyooka kabisa, na safari hii halikufunguka. Alifurahi, akaniambia kwa nini. Goti likikunjwa kidogo, kano ile ya nje ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mzigo, kwa hiyo kufunguka kwake huonyesha kwamba ndiyo iliyoumia. Goti likinyooka, kano zinazopishana katikati na tishu za kona ya nyuma ya upande wa nje huja kusaidia, na kama hapo pia lingefunguka, maana yake ni kwamba uharibifu umekwenda mbali zaidi ya kano moja. Alinilaza kifudifudi akazungusha nyayo zangu zote mbili kwenda nje, magoti yakiwa yamekunjwa nyuzi 30 na baadaye 90, akilinganisha kulia na kushoto, ili aichunguze kona hiyo ya nyuma. Akatafuta mapigo ya damu juu ya unyayo, kwa kuwa goti lililopigwa vibaya linaweza kuwa limeteguka na kujirudi lenyewe, huku mshipa mkubwa wa damu wa nyuma ya goti ukiwa umejeruhiwa. Mwishowe akaniambia niinue kidole gumba cha mguu akikizuia kwa kidole chake kimoja. Sikuweza. Hakucheka.

Vipimo vyote hivyo havikuhitaji mashine yoyote. Vilihitaji mikono miwili, kitanda, na mtu anayejali. Sielewi, na sitaki kujifanya naelewa, ni kwa nini mtu aliyesomea udaktari ashindwe kufanya hata kimoja.

Alinieleza pia kwamba majeraha ya kano hupangwa kwa madaraja matatu. La kwanza, nyuzinyuzi za kano zimevutika na chache kuchanika, goti linauma lakini halifunguki. La pili, kano imechanika kwa sehemu, goti linafunguka ila mtu anayelipima anahisi mahali linapokoma. La tatu, kano imekatika yote, goti linafunguka bila kikomo, na mara nyingi kuna kitu kingine kilichokatika pamoja nayo. Langu alilikadiria kuwa la pili, na picha ya MRI niliyopigwa baadaye, ile inayoonyesha hata kano, ikamuunga mkono: kano imechanika kwa sehemu karibu na kichwa cha fibula, za katikati ni nzima. Nikapewa bresi yenye bawaba, yaani kifaa cha kulishikilia goti, ya kuvaliwa kwa wiki 6 hivi, magongo, kifaa cha kushikilia unyayo usining'inie, na mazoezi ya kuimarisha misuli ya mbele ya paja. Ganzi imeanza kupungua. Kidole gumba kinainuka, ijapokuwa kwa uchovu.

Lakini fikirini kama lingekuwa daraja la tatu. Jeraha la namna hiyo mara nyingi huhitaji upasuaji, na wapasuaji hupendelea kulishughulikia katika wiki mbili tatu za mwanzo, kabla ncha za kano hazijajivuta na makovu hayajazishika tishu zote. Wiki hizo mimi ningekuwa nyumbani najichua, nikisubiri mguu uingie katika utu uzima. Na goti lililoachwa na kona ya nje iliyolegea haliyumbi tu. Hata kano ya katikati ikitengenezwa upya, huenda ikakatika tena kwa kubeba mzigo usio wake.

Nimekuwa nikisoma mambo haya usiku, kwa sababu siku hizi silali vizuri, na nimejifunza kwamba hata ile eksirei aliyoitazama kwa haraka ingeweza kumwambia jambo. Mwaka 1879, kabla hata eksirei hazijavumbuliwa, daktari mpasuaji wa Ufaransa aitwaye Paul Segond aliandika juu ya kibanzi kidogo cha mfupa kinachobanduka kwenye ukingo wa nje wa muundi, pale juu karibu na goti. Leo kibanzi hicho kinapoonekana kwenye picha huwa ni onyo kubwa kwamba kano ya mbele ya katikati imekatika. Vivyo hivyo kibanzi kwenye ncha ya fibula huonya kuhusu kona ya nyuma. Kwangu havikuwapo, namshukuru Mungu. Ila daktari wangu hakuvitafuta, kwa maana anayevitafuta vitu vidogo kiasi hicho husogea karibu na kioo, naye hakusogea.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwaambia watu wa Kisumu, na wale wanaosafiri kutoka Siaya, Vihiga na Kakamega, wasikanyage hospitali ile. Nikasita. Mtu aliyeliokoa goti langu anafanya kazi humo humo, katika chumba cha mwisho cha ukumbi ule ule, na muuguzi aliyenielekeza kwake analipwa na hospitali hiyo hiyo. Kuwahukumu wote kwa ajili ya mmoja ni kuwadhulumu. Huenda daktari yule alikuwa amechoka; huenda foleni ilikuwa imemlemea tangu asubuhi. Jana nilikuwa nimeandika kabisa kwamba naipendekeza hospitali kwa sharti moja dogo.

Leo asubuhi nimekunjua stakabadhi ili nipeleke nakala shuleni. Mstari wa kwanza umeandikwa: ada ya daktari, pamoja na uchunguzi wa goti. Uchunguzi wa goti! Mshahara wangu umetozwa kwa kazi ambayo haikufanywa, wakati yule aliyelichunguza kweli ada yake iko mstari wa chini na ni pungufu ya nusu ya ile. Kwa hiyo nayafuta maneno ya huruma niliyoyaandika hapo juu kuhusu uchovu. Uchovu hauandiki ankara.

Nimerudi dirishani nikiwa na magongo yangu, nikaiweka stakabadhi mbele ya kijana wa hesabu na kumwomba arudishe fedha za mstari ule. Aliniita mzee kwa adabu, akanipa kiti, akasema meneja atanipigia simu kabla ya saa sita. Sasa ni jioni. Niliuliza mapokezi kama mgonjwa anaruhusiwa kwenda kwa fizio moja kwa moja bila kupitia kwa daktari, wakanijibu kwamba inaruhusiwa, wala hakuna barua inayotakiwa. Kwa hiyo aliyeumia upande wa nje wa goti na aende huko, chumba cha mwisho, mkono wa kushoto baada ya maabara. Na atakayelazimika kupitia chumba cha kwanza, hasa ikiwa kiatu kinamtoka mguuni, asiinuke kitini kabla goti lake halijashikwa, na aisome stakabadhi kabla ya kulipa.