Soko la utabiri na mechi za kufuzu za tenisi: mchezaji wangu alipita, makuta yangu ikapunguka

Nianze na ile kitu iliniuma, juu wengine mtasoma mistari mbili kisha muende. Mchezaji mwenye nilinunua hisa zake alipita raundi ya pili, jina lake likaandikwa raundi ya tatu, na mimi nilitoka na hasara ya dola 5 na senti 75. Hakuna mtu aliniibia, telefone haikupotea, sikukosea kubonyeza. Ni sheria ya soko yenyewe, na kama iko mutu hapa Lubumbashi anataka kuingia kwenye hizi soko za utabiri kwa ajili ya tenisi, nataka aijue mbele ya kuweka hata dola moja.

Mimi tenisi siyo kitu nimeanza kuona kwa telefone. Toka nikiwa na miaka tisa nilikuwa naokota mipira kwenye klabu moja hapa mjini, uwanja wa udongo mwekundu, unarudi nyumbani soksi rangi ya tofali na mama anakukalipia. Baadaye wakubwa wakikosa mtu wa kucheza naye wananiita nishike raketi. Sasa nauza spea za pikipiki Kamalondo lakini tenisi haijanitoka, naweza kuangalia mutu anapiga sevi, ule mpira wa kuanzisha pointi, mara nne nikakuambia kama bega linamuuma. Kwa hiyo pari (kubeti) ya mpira wa miguu yenye vijana wote wa hapa wanacheza haikunivuta sana, kwenye tenisi ndiyo najiona niko na jicho.

Sasa hii soko siyo nyumba ya pari kama zile za pale barabarani. Pale nyumba ndiyo inakupangia kote, yaani ukishinda utalipwa ngapi, na unacheza na nyumba. Huku unanunua hisa ya mchezaji, bei iko kati ya senti 1 na senti 99, akishinda kila hisa inalipa dola moja, akipoteza inakuwa sifuri. Bei ya senti 64 maana yake watu wa soko wanaona kama ana nafasi 64 kwa 100. Na mwenye anakuuzia siyo kampuni, ni mutu mwingine kama wewe amekaa mahali fulani anaamini kinyume chako, ao anajua kitu hujui. Hiyo sentensi ya mwisho muishike, nitairudilia.

Kuingiza makuta ndiyo ilinichosha. Soko linapokea USDC tu, ile makuta ya kidijitali yenye inafuata dola, kwa hiyo nilitafuta muuzaji, nikamtumia dola 52 kwa telefone akanipa USDC 50. Dola mbili zimeenda na bado sijagusa mchezo. Na angalia mtandao wenye anakutumia: soko langu lilitaka ule mtandao wa Polygon, rafiki yangu yeye alikubali kutumiwa kwa mtandao mwingine juu ulikuwa wa bei rahisi, siku tatu akaangalia waleti yake, ile pochi ya kidijitali, tupu.

Kwa nini mechi za kufuzu na siyo mechi kubwa? Juu kwenye mechi kubwa kila mutu anajua kila kitu, bei iko imekazwa, hakuna mahali pa kuingiza jicho lako. Kwenye kufuzu ya Roland Garros, yale mashindano makubwa ya udongo ya Paris, wanaume 128 wanaingia, wanacheza raundi tatu, wanabaki 16 ndiyo wanaenda kwenye mashindano yenyewe. Wengi ni watu wa namba mia na kitu, mia mbili na kitu kwenye orodha ya dunia, watu wachache tu wanawafuata, na humo ndani kuna wachezaji wa kweli kabisa. Emma Raducanu alianzia kwenye kufuzu ya US Open 2021 akiwa namba 150, akashinda mechi kumi, tatu za kufuzu na saba za mashindano, bila kupoteza hata seti moja akabeba kombe, na mbele yake hakuna mtu alikuwa ametoka kwenye kufuzu akashinda Grand Slam, yale mashindano manne makubwa kupita yote, mwanaume wala mwanamke. Mimi nikiangalia hizi mechi sioni watu wadogo. Na kitu kingine kizuri kwetu, mwezi wa tano saa ya Paris na saa ya Lubumbashi ni moja, wakianza saa nne asubuhi hata kwetu ni saa nne, siyo kama Australia kukesha.

Siku ya kwanza ilienda vizuri sana, labda vizuri kupita. Kulikuwa na mchezaji mmoja wa udongo, mwenye kucheza nyuma, mpira mzito wenye kuruka juu, anakutana na kijana wa sevi kubwa. Soko lilimpa wa udongo senti 38 juu namba yake ilikuwa mbaya. Nikasema hapana, asubuhi ya baridi, mipira mizito, ile sevi haitapita. Nikanunua hisa 25, dola 9.50. Alishinda seti ya kwanza 6-3, bei ikapanda 71, nikauza zote hapohapo, dola 17.75. Hii ndiyo kitu napenda kwenye hii soko na sitaificha: hulazimike kungojea mechi iishe, ukiona inatosha unatoka. Kwenye tiketi ya pari ya kawaida nyumba ikikubali kukutoa mapema inakupangia bei yake, huku unauza kwa mutu mwenye anataka. Yule mchezaji alipoteza mechi kwenye seti ya tatu. Mimi nilikuwa nimeshakula.

Siku ya pili nikajifunza kuhusu muda. Nilinunua hisa 30 kwa senti 55, nikafungua video ili nifuate, kuran (umeme) ilikuwa imekatika toka asubuhi kwa hiyo nilikuwa kwenye mega (data) za telefone, na video ikawa inakuja nyuma. Naona mtu wangu anaongoza 40-30 kwenye sevi yake, najisikia vizuri, lakini bei inaanguka, 52, 47, 41, sielewi, nafikiri watu wamechanganyikiwa nikakaribia hata kuongeza. Kumbe wenzangu walikuwa wameshaona amepoteza lile gemu. Mimi nilikuwa naangalia mambo ya zamani. Niliuza kwa 33, nikapoteza dola 6.60. Baadaye nikasoma kumbe hii kitu iko toka zamani, kuna watu wanakaa uwanjani kabisa kutuma matokeo ya kila pointi mbele haijafika kwenye mashine za pari, Januari 2014 kule Melbourne polisi walimkamata Muingereza mmoja kwenye Australian Open kwa kazi hiyo, kisha mashtaka yakafutwa. Sasa fikiri: kuna mutu uwanjani, kuna mutu Ulaya na intaneti ya haraka, na kuna mimi Kamalondo mega zinahesabika. Kwenye mechi inayochezwa mimi ndiye wa mwisho kujua, sasa toka siku hiyo nanunua mbele mechi haijaanza ao sinunui.

Na hapo ndipo nikaangukia kwenye ile ya tatu, juu ilikuwa mbele ya mechi.

Raundi ya pili. Mchezaji mwenye nilikuwa nimemfuata wiki nzima, nilimpenda kweli, miguu yake, vile anangojea mpira. Mpinzani wake siku iliyopita alicheza karibu masaa matatu na akaita daktari wa mguu, niliona kwa macho. Nikasema huyu kesho hana miguu. Bei ilikuwa 61. Nikabonyeza kununua hisa 40 bila kuangalia vizuri, na hapa kuna kosa ya kwanza: kwa senti 61 kulikuwa na hisa 15 tu za kuuza, zikaisha, mashine ikanichukulia 10 kwa 64, na 15 kwa 68. Jumla dola 25.75. Soko la kufuzu liko na watu kidogo, ukiingia na haraka unajipandishia bei mwenyewe. Dawa yake ni oda ya limiti, unaandika bei yako unangojea, mwenye anataka atakuja. Nilijua hiyo. Nilikuwa na haraka.

Dakika kama ishirini kisha bei ikaanza kushuka. 63, 58, 54. Hakuna habari popote. Nikafikiri mchezaji wangu ndiye ameumia. Kisha ikasimama pale 50, 51, ikakaa kama jiwe, na nikaona kwenye ratiba ya mashindano: mpinzani amejitoa, mechi haitachezwa, mtu wangu anaingia raundi ya tatu.

Nilipiga kelele ya furaha dukani, mteja mwenye alikuwa anachagua cheni aligeuka. Dola 40, nilikuwa nimeshazihesabu. Jioni waleti ikaonyesha dola 20.

Sheria iko chini kabisa ya ukurasa, Kiingereza, mbele ya kununua sikuisoma yote: mechi ikianza na mutu akaacha katikati, mwenye anaendelea ndiye mshindi na hisa zake zinalipa dola. Lakini kama hata mpira wa kwanza haukupigwa, kila upande unalipwa senti 50. Nyumba nyingi za pari kwa kesi kama hiyo zinakurudishia makuta yako vile ilivyo, ndiyo sisi tumezoea. Niliwaandikia, wakajibu siku ya pili kwa adabu, walinikopia ile sheria. Basi nikakaa nikaifikiri mpaka nikaielewa: kila hisa mbili, ya huyu na ya yule, nyuma yake kuna dola moja tu imewekwa. Hisa zimeuzwa na kuuzwa tena, mmoja alinunua 30 mwingine 68, soko halirudi nyuma kutafuta kila mutu alilipa ngapi, linakata ile dola katikati. Kwa hiyo mwenye alinunua anayependelewa anapoteza kila mara mechi isipochezwa, na mwenye alinunua mnyonge kwa 36 anapata faida ya 14 na mchezaji wake yuko kitandani na barafu kwenye mguu.

Nilienda kumwambia mzee mwenye alinifundisha kushika raketi. Alisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza, "Mwanangu, uliona mguu wa yule unauma?" Nikajibu ndiyo mzee, niliona. "Sasa mtu mwenye mguu unamuuma, kesho anafanya nini?" Nikanyamaza. Jicho langu lilikuwa sawa, mguu ulikuwa mubovu kweli, lakini nilinunua ile hali moja ambayo mguu mubovu ungeniletea hasara. Na wale waliniuzia kwa 61, 64, 68 dakika ishirini mbele ya habari? Sijui walikuwa nani. Lakini kwenye mechi ndogo kuna kocha, kuna mwenye anakanda misuli, kuna rafiki kwenye hoteli, na mimi siwezi kuwa mbele yao.

Kwa huduma yenyewe: bei zinaonekana wazi, makuta haikupotea hata mara moja, kuuza katikati ya mechi ni kitu kizuri kabisa. Ubaya ni ile sheria kufichwa chini na lugha yenye wengi wetu hapa hatuisomi vizuri, na kutoa makuta: nilitoa 27.90, kwa telefone ikaingia 26.50. Kwa nyota tano nawapa tatu, na hiyo ya tatu ni kwa ile siku ya kwanza.

Nimeacha dola 18 ndani, siyo ya nyumba wala ya duka. Wimbledon wanacheza kufuzu yao Roehampton, siyo uwanja mkubwa, na nyasi siijui vizuri kama udongo, sasa nitaweka oda moja tu ya limiti, hisa 20 kwa senti 41, kwa mnyonge, mwenye mpinzani wake nimeona amefunga goti.