Orijino au ya kawaida? Dawa ipi ununue famasi Moshi

Taja dawa yenye jina kubwa kwenye kaunta ya famasi hapa Moshi mjini, utaulizwa: "Mama, nikupe orijino au ya kawaida?" Wengi hujibu kwa hofu. Mwenye hela anachukua orijino ili roho itulie. Asiye nayo anachukua ya kawaida huku akiamini amepewa dawa hafifu. Jirani yangu mmoja wa Majengo, mgonjwa wa presha, alikuwa akinunua dawa ya jina kubwa tu. Zikiisha katikati ya mwezi, anakaa bila dawa mpaka hela ipatikane. Amlodipini ya kawaida anayoimeza kila siku bila kukatisha ingemfaa kuliko Norvasc, yaani amlodipini hiyohiyo yenye jina kubwa, ya wiki mbili.

Dawa ya kampuni iliyoivumbua ndiyo orijino. Kampuni hiyo hulindwa na hataza, yaani haki ya kuitengeneza peke yake, kwa kawaida miaka 20. Muda ukiisha, viwanda vingine vinaruhusiwa kutengeneza dawa yenye kiambato kilekile na kwa kiasi kilekile. Hiyo ndiyo jeneriki, au "ya kawaida" kama tunavyoiita. Bei inashuka kwa sababu kiwanda hakilipii upya utafiti wa miaka mingi, na pia viwanda vinashindana. Rangi, umbo na ladha vinaweza kuwa tofauti. Kiambato kinachotibu ni kilekile.

Kwa mahitaji ya watu wengi, nafasi ya kwanza naipa jeneriki iliyosajiliwa na TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ukiinunua famasi au kwenye duka la dawa muhimu lenye kibali. Iwe ni presha, kisukari, malaria, minyoo au maumivu ya kawaida, anzia hapo. Usajili wenyewe si wa kubeza: mwaka 2018, ikiwa bado inaitwa TFDA, mamlaka hii ilikuwa ya kwanza Afrika kufikishwa ngazi ya tatu ya Shirika la Afya Duniani katika udhibiti wa dawa. Na ukitoka hospitali ya Mawenzi na dawa za Bohari ya Dawa zenye GOT, alama ya serikali, ujue nyingi ni jeneriki hizohizo.

Ila linganisha bei kwa dozi, usiangalie wingi wa vidonge. Dawa ya mseto ya malaria, ALu, ni mfano mzuri. Dozi ya mtu mzima inaweza kuja na vidonge 24 vya nguvu ya 20/120 (miligramu za viambato vyake viwili), au vidonge 6 vya 80/480. Ukipiga hesabu, dawa ni ileile kiasi kilekile. Mwenye pakiti ya vidonge 6 hajapunjwa.

Nafasi ya pili ni jeneriki iliyopewa jina la kibiashara. Boksi linang'aa na bei imepanda kidogo, kwa hiyo wanunuzi wengi wanaidhani ndiyo orijino. Si mbaya hata kidogo, lakini kabla ya kulipa soma maandishi madogo chini ya jina kubwa. Hapo ndipo utakuta parasetamoli miligramu 500, sawa na iliyoko kwenye Panadol. Maandishi hayo yanakulinda pia usimeze dawa moja mara mbili: dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake, na mtu mzima hatakiwi kuvuka gramu 4, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, kwa saa 24. Ini ndilo linaloumia.

Orijino inakuja ya tatu, kwa sababu ya bei tu. Kama unaimudu mwezi hadi mwezi, endelea nayo. Mgonjwa wa kifafa, anayetumia homoni ya tezi ya shingo au warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ndiye anayepaswa kuwa mwangalifu zaidi. Huyu, awe anatumia orijino au jeneriki, asibadilishiwe kiwanda kaunta bila daktari wake kujua, maana kwa dawa hizo tofauti ndogo kwenye damu ina uzito.

Ya mwisho kabisa, ambayo nakuomba usinunue, ni vidonge vya kuuziwa mkononi sokoni au stendi, na nusu dozi ya antibayotiki "kwa sababu hela haitoshi". Kupimiwa kwenye bahasha famasi si kosa, mradi iandikwe jina la dawa, nguvu yake na namna ya kumeza. Isiyo na maandishi irudishe.

Kuna mtego mmoja unaonikera sana. Cheti kimeandikwa Augmentin, muuzaji anakupa amoksisilini tupu na kusema "ni ileile, ya bei nafuu." Si ileile. Augmentin ina amoksisilini pamoja na asidi ya klavulaniki, inayoikinga dhidi ya bakteria wanaoivunja. Jeneriki yake lazima iwe na vyote viwili. Kwa hiyo uliza hivi: "Dada, nipatie ya kawaida yenye viambato hivihivi na nguvu hiihii." Mfamasia mwenyewe atakuonyesha kwenye boksi.

Ukishanunua, tunza boksi mpaka dozi iishe. Dawa ikikuletea vipele au ukiitilia shaka, rudi nalo famasi au hospitali na uombe taarifa ifike TMDA. Ofisi yao ya Kanda ya Kaskazini iko Arusha. Namba ya toleo iliyopigwa pembeni mwa boksi ndiyo watakayoihitaji.