Chemsha bongo ya mieleka: kreti yangu ya soda imeliwa hivi hivi

Nimekaa na hili jambo kifuani kama wiki mbili sasa. Acha nilitoe.

Kuna kibanda umiza hapa Dodoma, jina silitaji. Siku zisizo na mpira wanaweka chemsha bongo ya mieleka: kiingilio buku mbili, mshindi anabeba kreti ya soda. Mimi mieleka nimeanza kuiangalia enzi za kanda za video, nikaenda nikijua nimefuata kreti tu.

Jioni hiyo maswali yalikuwa ya mieleka ya Memphis, zile enzi Marekani kila pande ilikuwa na kampuni yake. The Rock alipigana huko mwaka 1996 kwa jina gani? Flex Kavana. Kibanda kizima kilicheka. Na Undertaker mwaka 1989? Master of Pain. Nilikuwa natiririka tu.

Likaja la mwisho: tarehe 5 Aprili 1982, mwanamieleka Jerry Lawler, aliyeitwa Mfalme wa Memphis, na yule mchekeshaji Andy Kaufman, nani alishinda? Nikasema Kaufman.

MC akacheka kwenye maiki. "Mshua, mchekeshaji ampige Mfalme wa Memphis? Hebu kaa chini."

Kaa chini! Mbele ya watu, mbele ya mwanangu!

Sikilizeni. Lawler alimgeuza Kaufman kichwa chini miguu juu, akamsimika kama mchi kwenye kinu. Kaufman akatolewa kwa machela, siku nyingi akawa anatembea na kola ya shingo. Sawa. Lakini pigo lile lilikuwa marufuku Memphis! Refa akamwondoa Lawler, ushindi akapewa aliyelala sakafuni. Utamu wote wa kisa uko hapo, na mtu anauliza swali bila kuujua! Nikatoa simu nimwonyeshe, akasema simu haziruhusiwi. Yeye mwenyewe maswali alikuwa anayasoma kwenye simu.

Kreti ikaenda kwa kijana aliyeniuliza pembeni kama Memphis ni mji au ni mtu. Wakati wa kutoka nikamsikia anamwita MC "shemeji".

Msiende pale. Basi.

Ila niseme ukweli, mishikaki ya yule mama wa mlangoni ina pilipili ya kusaga ambayo sijaipata popote hapa mjini. Na swali la Flex Kavana, mtu aliyelifikiria hawezi kuwa mjinga moja kwa moja. Tena nikikumbuka kwamba Lawler na Kaufman ugomvi wao wote walikuwa wameupanga, nabaki nacheka peke yangu: kumbe na mimi nimepigwa mieleka ya kupangwa, na nimelipa kiingilio.

Nyota mbili. Haya, tatu, za mama wa mishikaki.

Zamu ijayo ni mieleka ya Calgary kule Kanada, ya mzee Stu Hart na lile handaki lake la mazoezi chini ya nyumba. Nimeshalipa, na simu nitaiingiza na chaji kamili.