Kijitabu cha miujiza ya manabii kinachouzwa Kisumu: anzia somo la tatu

Kwa shilingi 350, kijitabu hiki cha masomo 8 kinachopatikana kwenye vibanda vya vitabu vya Kikristo mjini Kisumu kinafanya kazi ambayo ni nadra kuiona kwa Kiswahili: kinakusanya masimulizi ya Wayahudi wa kale kuhusu Abrahamu, Musa, Sulemani na Danieli ambayo hayamo katika Biblia za wengi wetu. Ukurasa wa kushoto una kifungu cha Biblia, wa kulia una simulizi la baadaye la tukio lilelile. Kilichoongezwa kinaonekana mara moja.

Kiongozi wa kikundi cha kujifunza Biblia aanzie somo la tatu, ndilo bora kuliko yote. Mwanzo 12 inasema Mungu alimpiga Farao kwa sababu ya Sarai, basi. Namna alivyopona haielezwi. Gombo la Kiaramu lililopatikana katika pango la kwanza la Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, mwaka 1947 linajaza pengo hilo kwenye safu ya 20: Abramu anamwombea Farao, anamwekea mikono kichwani, na pepo mbaya anamtoka. Soma hapo hapo Luka 4:40. Wayahudi waliokuwa wakimtazama Yesu akiwawekea wagonjwa mikono hawakuwa wageni wa jambo hilo. Tengeni dakika 90, kwa maana 60 zilizopendekezwa hazitoshi.

Somo la pili linatoka Yubilei 11, kitabu ambacho Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia linakihesabu ndani ya Biblia yake. Abramu, kijana wa miaka 14, anawakemea kunguru wanaodokoa mbegu kabla hazijafukiwa, na siku hiyo anawarudisha mara 70. Anayelinda mpunga Ahero hahitaji kufafanuliwa uzito wa muujiza huo. Lakini kijitabu kimekatia hapo, na hilo ni kosa kubwa. Aya zinazofuata zinaeleza Abramu akiwafundisha mafundi wa mbao kuunda chombo juu ya plau, mbegu ishuke moja kwa moja udongoni na kufukiwa, kunguru wasiipate. Aliyeandika alitaka maombi na ufundi vikae pamoja kwa mtu mmoja. Zisomeni aya za 23 na 24 kwa sauti kabla ya maswali.

Somo la nne lina kosa la ukweli. Linasema Sulemani alitoa pepo kwa pete. Yosefu, mwanahistoria Myahudi aliyemaliza kitabu chake cha Mambo ya Kale mwaka 93 au 94, anasema hivi katika juzuu ya 8: aliyetoa pepo ni Eleazari, Myahudi mwenzake, mbele ya Vespasiani, jemadari wa Kirumi aliyekuja kuwa kaisari, na askari wake. Chini ya muhuri wa pete kulikuwa na mzizi uliotajwa na Sulemani. Mgonjwa alinusishwa, pepo akavutwa kupitia puani. Kisha Eleazari akamwamuru pepo apindue chombo cha maji kilichowekwa karibu, ili waliokuwapo wajue ametoka. Sulemani ni mwenye elimu, si mtendaji.

Somo la tano linahitaji Danieli 14, ambapo Habakuki anabebwa kwa nywele zake hadi Babeli kumpelekea Danieli chakula katika tundu la simba. Biblia ya Union ya vitabu 66 haina sura hiyo. Pigeni fotokopi kutoka Biblia ya Kikatoliki mapema, la sivyo nusu ya kikundi watakaa kimya.

La sita lirukeni mpaka lirekebishwe. Limechanganya masimulizi mawili ya Abrahamu katika tanuri la moto. Lile la kukataa kuchoma matofali ya mnara wa Babeli huwekwa karne ya kwanza. Lile la Nimrodi na sanamu liko katika mkusanyo wa marabi, yaani walimu wa Kiyahudi, wa karibu karne ya tano. Kuyaita yote mawili "imani ya siku za Yesu" ni kumpotosha msomaji. Kasoro hii imeenea kote, kwa kuwa hakuna somo hata moja lililowekwa tarehe. Andikeni karne kwa penseli juu ya kila ukurasa wa kulia.

Kikundi kikiwa na wasiwasi kuhusu maandiko yasiyo ya Biblia, tangulizeni ukurasa wa mwanzo wa somo la nane. Kutoka 7 haiwataji kwa majina wachawi wa Farao, ilhali 2 Timotheo 3:8 inawaita Yane na Yambre; Agano Jipya lenyewe linatumia majina yasiyomo katika Kutoka.